Nani Yuko Kisiwani?

Somo: Isaya 49:1 na 49:14–16

 

Somo letu tumelipata katika kitabu cha nabii Isaya, sura ya arobaini na tisa. Mlio na Biblia karibu mwaweza kuifungua. Katika mstari wa kwanza nabii anaviita visiwa, na kuvitaka vitege sikio. Tukishuka hadi mstari wa kumi na nne tunamsikia Sayuni akilalamika kwamba Bwana amemwacha, tena amemsahau. Ndipo Mungu anapomjibu kwa swali juu ya mama na mtoto wake anyonyaye: je, mama kama huyo aweza kusahau? Visiwa, kusahauliwa, na mama mwenye mtoto mchanga. Yashikeni mambo hayo matatu, maana tutayakuta tena mbele.

Wako watu duniani wenye shughuli ya ajabu. Hatusemi kazi ya mshahara, maana hawalipwi. Wao ndio wanaolipa. Huweka akiba kwa miaka kadhaa, huomba ruhusa kwa serikali, hukodi meli, kisha huvuka bahari kwenda kisiwa ambacho hakina mji, wala duka, wala mwenyeji hata mmoja. Wakifika husimamisha milingoti, hufunga nyaya, huwasha jenereta, huketi mbele ya mtambo wa redio na kuanza kuita. Kwa wiki moja au mbili huzungumza na watu wa dunia nzima usiku na mchana, wakipokezana zamu. Kisha hufunga mizigo yao na kurudi makwao, nacho kisiwa hubaki na ndege wake na upepo wake.

Watu hawa ni wanaredio wa ridhaa. Kama vile mchezaji wa mpira wa ridhaa anavyocheza kwa kupenda mchezo, nao hurusha mawimbi kwa kupenda. Kila mmoja wao amefanya mtihani na kupewa leseni na nchi yake, pamoja na jina la hewani la herufi na tarakimu ambalo hakuna mwingine duniani aliye nalo. Majina ya Kenya huanza kwa 5Z, ya Tanzania kwa 5H, ya Uganda kwa 5X. Akisikia mwanzo wa jina, msikilizaji hujua anayeita yuko nchi gani.

Tena redio yao si kama hii yetu. Redio hii ni ya upande mmoja. Sisi tunanena, nawe unasikia. Lakini ukitujibu hapo ulipo, sauti yako haitufikii. Redio yao ina pande mbili, na mtu akinena bila kujibiwa huhesabu kwamba hajafanya kitu.

Wazee wetu watakuwa wanayakumbuka masafa mafupi: sauti ikizama na kuibuka, na baba akizungusha kitufe polepole kwa vidole viwili, watoto wakiambiwa wanyamaze ili habari kutoka London zisikike. Wanaredio wa ridhaa huyatumia masafa hayo hayo. Juu sana angani, kilomita mia moja na zaidi kutoka ardhini, ziko tabaka za hewa ambazo nuru ya jua imezitia nguvu ya umeme. Mawimbi mafupi yakifika huko hupindishwa yakarudi chini, hugonga bahari, hupanda tena, na kurudi tena. Kwa njia hiyo mtu mwenye mtambo wa wati 100, nguvu ambayo balbu moja ya zamani iliimaliza kwa kuangaza chumba, aweza kusikika upande wa pili wa dunia. Si kila siku, wala si kila saa. Jua lenyewe lina majira yake ya miaka ipatayo 11, likipanda na kushuka nguvu, na mwanaredio hungoja majira hayo kama mkulima angojavyo mvua.

Lakini kwa nini waende kisiwani? Chama cha wanaredio wa ridhaa wa Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1914, hutunza orodha ya nchi na maeneo ya dunia. Siku hizi orodha hiyo ina majina 340. Kenya imo. Vimo pia visiwa vilivyo mbali na kila kitu, visivyo na mkazi. Mwanaredio hutamani kuzungumza na kila mahali palipo katika orodha hiyo, naye aweza kutumia umri wake wote katika hamu hiyo. Mahali pengi atapapata akiwa amekaa nyumbani kwake. Atapata Japani, atapata Brazili, atapata Kenya. Mwisho hubaki vile visiwa. Hapo hakuna mwenyeji wa kumjibu. Aite mpaka sauti ikauke, hatajibiwa, mpaka mtu ainuke na kwenda.

Basi sikieni gharama ya kwenda.

Kusini kabisa katika Bahari ya Atlantiki kuna kisiwa kiitwacho Bouvet, mali ya Norwei. Mabaharia Wafaransa walikiona siku ya kwanza ya Januari mwaka 1739. Karibu chote kimefunikwa na barafu, na pwani yake ni majabali yasiyo na bandari. Nchi kavu iliyo karibu nacho ni bara la Antaktika, nayo iko umbali wa kilomita zipatazo 1,700. Mapema mwaka 2018 wanaredio 20 waliondoka Chile kwa meli, wakiwa na helikopta za kuwavusha nchi kavu. Wakafika. Wakakiona kisiwa kwa macho yao. Lakini dhoruba na ukungu vikakataa kuondoka, helikopta zisiweze kuruka, kisha injini ya meli ikapata hitilafu. Nahodha akaamua warudi, nao wakaelekea Cape Town bila kukanyaga kisiwa wala kuita hata mara moja. Miaka ya matayarisho na fedha nyingi zikabaki baharini.

Mwaka 2023 kundi jingine lilikwenda huko huko kwa chombo kidogo zaidi. Wao walifika ufuoni kwa mashua za mpira, wakivutwa kwa kamba katikati ya mawimbi ya barafu, wamevaa nguo za kuzuia maji, mizigo ikipita majini pamoja nao. Sehemu kubwa ya vyombo walivyokusudia kuvishusha ilibaki melini. Pamoja na hayo walisimamisha hema, wakawasha mtambo, na walipoondoka walikuwa wamejibizana na dunia mara zinazokaribia 19,000.

Katika Bahari ya China Kusini, kando ya Ufilipino, kuna miamba ya Scarborough. Maji yakijaa, yanayobaki juu ni mawe machache tu. Mwaka 1995, na tena mwaka 2007, wanaredio walijenga vichanja vya mbao juu ya mawe hayo, vikubwa vya kutosha meza, kiti, jenereta na mwavuli wa kuzuia jua. Mtu mmoja jiwe moja, bahari chini ya miguu yake, naye anaita.

Na wako ambao hawakurudi. Mwezi wa Aprili mwaka 1983, mashua ya tanga iliyowabeba wanaredio Wajerumani ilikaribia kisiwa kimoja cha Spratly, katika bahari hiyo hiyo. Visiwa hivyo vinagombaniwa na mataifa kadhaa, na hicho kilikuwa na askari wa Vietnam. Mashua ikapigwa risasi, ikawaka moto. Waliosalimika walielea katika kimashua kidogo kwa siku zipatazo kumi bila maji ya kunywa, mpaka meli ya mizigo ikawaokota. Wanaredio wawili walikuwa wamekufa.

Hapo bila shaka kuna msikilizaji anayetikisa kichwa. Anasema: watu wazima, wenye nyumba na watoto, wanahatarisha roho zao kwa ajili ya kitu gani? Wanazungumza nini huko?

Jibu litakushangaza zaidi, ndugu yangu. Hawazungumzi karibu chochote. Aliye kisiwani hutaja jina lake la hewani. Hapo maelfu ya watu, waliokuwa wamekaa wakingoja, huita wote kwa pamoja, kila mmoja akitaja lake. Ni kelele kama ya kituo cha matatu asubuhi ya Jumatatu. Aliye kisiwani hufunga macho, huinamisha kichwa, hutafuta jina moja ndani ya kelele ile. Akilipata hulitamka, na kuongeza tarakimu mbili: tano, tisa. Maana yake, nakusikia vizuri sana. Yule wa mbali hujibu: asante, nawe tano tisa. Kwisha. Sekunde chache zimepita, naye amekwisha kumgeukia mwingine.

Kwa sekunde hizo mtu hungoja miaka ishirini. Jina lake limeandikwa katika kitabu cha kisiwani, na baadaye hulitafuta kwa hofu kuona kama limo kweli, halikukosewa herufi. Tunawaelewa. Bwana wetu mwenyewe, katika Luka sura ya kumi, aliwaambia wanafunzi waliorudi na furaha ya kazi zao kwamba furaha iliyo kubwa kuliko hiyo ni majina yao kuandikwa mbinguni. Mwanadamu ana njaa hii tangu zamani, ya kuitwa kwa jina na mtu aliye mbali, na kujua kwamba amesikiwa.

Mambo mawili twaweza kujifunza kwa wanaredio hawa. La kwanza ni hili. Mtambo wao una kitufe. Ukikibonyeza, unanena, lakini maadamu umekibonyeza husikii neno. Ili usikie ni lazima ukiachie. Hodari wa kisiwani hasifiwi kwa ukubwa wa sauti yake. Husifiwa kwa masikio yake, na kwa saburi ya kumkuta mwenye sauti dhaifu nyuma ya wenye mitambo mikubwa. Mara nyingine huwasihi wenye nguvu wanyamaze kidogo, ili yule mmoja wa mbali amalize kutaja jina lake. Mwaka 2017 Profesa Joseph Taylor, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1993 pamoja na mwenzake, alishiriki kubuni njia ya kutumia kompyuta inayookota ishara zilizozama chini ya kelele, ambazo sikio la mtu haliwezi kuzitambua. Mtu mwenye elimu ya namna hiyo aliona inafaa kuitumia ili mnong'ono wa mtu usipotee.

La pili ni onyo. Ile tano tisa hupewa karibu kila mtu. Sauti yako iwe kubwa, iwe hafifu, iwe inakatika katika, utaambiwa tano tisa, ili foleni isogee. Je, hatujaiona jambo hilo mlangoni mwa kanisa siku ya Jumapili? Habari? Njema. Watoto hawajambo? Hawajambo. Bwana asifiwe. Asifiwe sana. Na mkono umekwisha kunyoshwa kwa mwingine. Mama aliyejibu njema alilala na njaa, na kijana aliyesema hajambo amefukuzwa kazi wiki tatu zilizopita. Wote wawili wameandikwa kitabuni kwamba walihudhuria. Wote wawili wamepewa tano tisa.

Sasa, wapendwa, tuvuke bahari tuje huku kwetu, katika Bahari ya Hindi.

Mashariki ya Madagaska, ile ambayo wazee wa pwani waliiita Bukini, kuna kisiwa kiitwacho Tromelin, kilicho chini ya Ufaransa. Ni kipande cha mchanga na matumbawe, urefu wake haufiki kilomita mbili, na upana wake haufiki hata moja. Hakina mlima wala mto. Tangu mwaka 1954 kina kituo cha kupima hali ya hewa, lakini wenyeji hakina. Mwishoni mwa Oktoba mwaka 2014 wanaredio walikwenda huko, wakasimamisha milingoti yao mchangani, na katika muda wa wiki mbili hivi wakajibizana na dunia mara zipatazo 70,000. Mara elfu sabini kisiwa kile kilisema: nakusikia.

Lakini kisiwa hicho kilikuwa kimewahi kuita zamani, na hapo hakikujibiwa.

Mwaka 1761 merikebu ya Kifaransa iliyoitwa L'Utile ilitoka Madagaska ikiwa imepakia watumwa wapatao 160, wanaume na wanawake wa Kimalagasi. Ilikuwa biashara ya siri, maana gavana wa Morisi, nchi tuitayo leo Mauritius, alikuwa amekataza kuwaingiza. Usiku wa tarehe 31 Julai merikebu ikagonga mwamba wa kisiwa kile. Watumwa walikuwa wamefungiwa chini, na wengi wao wakazama humo humo. Asubuhi mabaharia Wafaransa zaidi ya mia moja walikuwa wamefika nchi kavu, pamoja na Wamalagasi waliobahatika, ambao baadhi yao walikufa kwa kiu kabla kisima hakijachimbwa.

Kwa mbao za merikebu iliyovunjika wakaunda chombo. Wamalagasi nao walifanya kazi hiyo. Lakini chombo kilipokwisha, nafasi ilikuwa ya mabaharia tu. Tarehe 27 Septemba wakaondoka, wakiwaacha Wamalagasi wapatao 60 mchangani na chakula cha miezi michache. Afisa aliyewaongoza mabaharia aliwaahidi watu wale neno moja: tutarudi kuwachukua.

Wafaransa wakafika salama. Afisa yule akaomba merikebu irudishwe kuwachukua walioachwa. Gavana, aliyekasirika kwa kuvunjwa amri yake, akakataa. Ilikuwa wakati wa vita pia. Watu wakanong'ona, watu wakahurumia, kisha watu wakasahau.

Huko kisiwani walikuwa wanangoja. Waliwasha moto, nao wakaulinda usizimike kwa miaka 15, kisiwa ambacho hakina miti ya kupasua kuni, wakichoma mbao za ile merikebu iliyowaleta. Walikula kasa na ndege. Walifuma mavazi kwa manyoya. Walijenga nyumba kwa vipande vya matumbawe. Watafiti waliochimba huko tangu mwaka 2006 wamezikuta kuta hizo, na vyombo vya shaba vilivyozibwa kiraka juu ya kiraka kwa uangalifu mkubwa. Anayeziba chombo chake hivyo ni mtu ambaye bado anatazamia kuishi.

Mwaka 1773 meli iliyopita iliwaona, ikapeleka habari. Meli zilizotumwa zikashindwa kwa mawimbi. Tarehe 29 Novemba mwaka 1776 ndipo afisa aitwaye Tromelin alipofanikiwa kuwachukua waliosalia. Alikuta wanawake saba na mtoto mchanga wa miezi minane. Hao tu. Miongoni mwa wanawake hao walikuwamo mama wa mtoto huyo na bibi yake. Walipofikishwa Morisi walitangazwa kuwa watu huru, na mtoto akabatizwa akapewa jina la Musa, kwa kuwa naye ametolewa majini.

Hapa ndipo lile somo letu linapotukuta: kisiwa, watu waliosahauliwa, na mama mwenye mtoto anyonyaye.

Tujiulize, wapendwa, ni kitu gani kilichowaweka watu wale mbali kwa miaka 15? Hatuwezi kusema ni bahari. Watu wale wale waliotoka kisiwani kwa chombo cha mbao za kuokota waliivuka. Wala hatuwezi kusema hakukuwa na habari. Habari ilifika siku ile ile mabaharia walipofika. Jina la kisiwa lilijulikana, idadi ya watu ilijulikana, na ahadi ilijulikana. Kilichokosekana ni mtu mwenye uwezo wa kuamuru merikebu, naye aone kwamba wale ni watu wanaostahili safari. Wahenga walisema ahadi ni deni. Deni lile lililipwa likiwa limebaki na watu wanane.

Tunawaheshimu wanaredio wanaokwenda Bouvet. Wametuonyesha kwamba mwanadamu akitaka kufika, hufika. Atavuka barafu, ataketi juu ya jiwe katikati ya bahari, atalipa kwa fedha zake, ili mtu asiyemjua aweze kusikia sauti kwa sekunde chache. Basi hatuwezi tena kusema kwamba umbali ndio unaotuzuia.

Maana visiwa tunavyo, hapa hapa katika parokia zetu.

Yuko mjane. Siku ya mazishi ua ulijaa watu, magari yakakosa pa kuegesha. Wasemaji walisimama mmoja baada ya mwingine: chama, ukoo, kanisa, mwajiri. Kila mmoja alimaliza kwa neno lile lile alilolisema yule afisa kisiwani: mama, hatutakuacha, tutarudi kukuona. Mahema yakafungwa, viti vikarudishwa. Sasa ni mwezi wa saba. Mama huyo bado anauchochea moto wake kila jioni, akitazama njia.

Yuko binti wa mtaa wetu aliyekwenda nchi za Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Tulimwombea mbele ya kanisa kabla hajasafiri. Usiku, kazi ikiisha, hutuma ujumbe kwa simu. Mwanzoni ulijibiwa na watu kumi. Siku hizi ujumbe wake hukaa hapo bila neno.

Yuko mzee asiye na salio katika simu yake. Hubipu mara moja na kukata, akimwita mwanawe aliye Nairobi. Mlio mmoja tu. Kwa mwanaredio wa kisiwani mlio kama huo ungekuwa hazina. Angeinamisha kichwa, angewanyamazisha wengine wote, angesema: wewe uliyeita sasa hivi, rudia, nakusikiliza. Mwana huyo akiutazama mlio ule husema moyoni mwake, ni baba, nitampigia wikendi.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Hatujui ni siku gani mlio ule hautasikika tena, na moto ule utakuwa umezimika.

Sasa tumsikie Mungu wa Isaya. Sayuni anasema, nimesahauliwa. Mungu hamjibu kwa tano tisa. Hasemi, u mzima, wa pili njoo. Anamwambia kwamba hata mama akiweza kumsahau mtoto wa tumbo lake, Yeye hatasahau. Tena amemchora katika vitanga vya mikono yake. Jina la kitabuni laweza kufutika, na kitabu chaweza kupotea. Lakini kilichochorwa kiganjani mtu hukiona kila anapokunjua mkono kufanya kazi. Na sisi tulio Wakristo twajua kwamba mikono hiyo ilikuja ikapigiliwa misumari. Mungu hakutuita kutoka mbali akangoja tujibu. Aliona kwamba kisiwa chetu hakina mwenyeji wa kuitika, akainuka akaja, akafanyika mwili akakaa kwetu. Yeye alizilipa gharama za safari ile.

Kwa hiyo ikiwa wewe unayetusikia usiku huu ndiye uliye kisiwani, tunakuambia hivi. Moto wako umeonekana. Usiuache uzimike. Mwite Bwana hata kama sauti yako ni mnong'ono, maana Yeye husikia kilicho chini ya kelele. Tena mwite na mwenzako. Wako wakristo karibu nawe ambao wangekuja leo kama wangejua.

Na ikiwa wewe ndiwe uliye na merikebu, yaani una miguu yenye nguvu, una nauli, una salio katika simu, tunakuomba jambo moja dogo. Kabla ya Jumapili ijayo taja jina la mtu mmoja ambaye aliambiwa tutarudi. Mmoja tu. Kisha uende. Usimtume mtoto, wala usitume salamu kwa mtu anayepita njia hiyo. Nenda, uketi, ukubali kikombe cha chai. Ukisha kumwuliza habari zake, achia kitufe. Nyamaza. Akisema njema, ngoja tena kidogo, maana iliyo kweli huja nyuma ya ile njema. Na ninyi Umoja wa Akina Mama, na wazee wa kanisa, mkikutana wiki hii chukueni kitabu cha waumini mpitie majina polepole. Kila mtakapofika kwenye jina mkaona hakuna aliyemwona mtu huyo kwa miezi mitatu, tieni alama. Hicho ni kisiwa. Mwandikeni mmoja wenu atakayekwenda, na siku atakayokwenda.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba, uliyeumba bahari na visiwa vyake, wewe humsahau mtu. Tunakuletea wote walioachwa wakingoja: wajane, wagonjwa, wafungwa, na watoto wetu walio katika nchi za mbali. Ulinde moto wao usiku huu. Utupe masikio ya kusikia sauti iliyo dhaifu, na miguu ya kuifuata mpaka tufike. Yale tuliyoahidi, utuwezeshe kuyatimiza mapema, kabla waliobaki hawajawa wachache. Kwa Yesu Kristo, aliyetuvukia bahari. Amina.

Wapendwa wasikilizaji, laleni salama. Bwana akituweka hai tutakutana wiki ijayo saa kama hii.